Rehani ya Kitabu

Katika mitaa ya Temeke mtu huulizwa mengi kabla ya kuulizwa asomacho. Huulizwa hali yake na ya watu wake. Huulizwa mvua ya jana imewatendaje wa mabondeni. Huulizwa bei ya unga, na Simba na Yanga wametokaje. Swali la kitabu huja mwisho, ikiwa litakuja. Ndiyo sababu kibanda kimoja cha fundi cherehani, kilichoko Tandika, hatua chache kutoka sokoni, kimewashangaza wageni kwa miaka mingi. Mteja akishapimwa kifua na kiuno, na kabla futi kamba haijarejea shingoni mwa mwenyewe, huulizwa kwa upole: "Na siku hizi unasoma nini?"

Wako wanaocheka. Wako wanaotaja gazeti la michezo, na jibu hilo hupokewa kwa heshima, kwani gazeti nalo ni maandishi. Wako wanaojibu kwamba tangu waache skuli hawajashika kitabu, na hulisema hilo kwa sauti ya mtu anayekiri deni. Hao ndio fundi awapendao zaidi. Huinama chini ya meza ya kukatia, akavuta sanduku la mbao, akafunua kipande cha kaniki, na humo mna vitabu thelathini na kitu, vimepangwa migongo juu, vimevishwa karatasi za kaki, na vile vilivyoachia kurasa vimeshonwa upya kwa uzi wa suruali.

Mtu atasema: maktaba ipo. Naam, ipo. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1967 na Mwalimu Nyerere mwenyewe, na bado imesimama mjini, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Lakini kwa muuza nyanya wa Tandika safari hiyo ni nauli ya kwenda na ya kurudi, na nusu ya siku ya kazi. Vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya njia huko mjini navyo vina bei yao. Sanduku la fundi halina nauli wala bei. Lina sharti tu.

Sharti lenyewe lilikuwa hili: kila kitabu kitokacho sandukuni kiache rehani. Mwenye kitabu chake huweka kitabu. Asiye nacho huweka kisa. Yaani kabla ya kuchukua kingine, sharti asimulie kile cha kwanza, mbele ya wote waliopo kibandani, mwanzo hadi mwisho, na aseme kimemfanyia nini. Fundi aliyaandika haya katika daftari lile lile la vipimo vya wateja. Ukurasa mmoja wa daftari hilo huweza kuonyesha kiuno, mapaja, urefu wa mguu, jina la kitabu, na katika safu ya mwisho, chini ya neno REHANI lililopigiwa mstari, kile kilichowekwa.

Fundi huyu ni mtu wa Mafia. Aliivuka bahari akiwa kijana, na tangu hapo hakurudi kwao ila kwa harusi na matanga. Kusoma alikopata skuli kulikuwa kwa kiasi. Kupenda kusoma alikupata kwa mama yake, na mama yake alijifunza kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Mafia ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya nyingine, ifikapo mwisho wa 1971. Mama yule alikuwa akirudi darasani jioni, akamweka mwanawe karibu na koroboi na kumsomea sentensi alizojifunza siku hiyo. Kisha akamtaka azirudie. Kwa fundi, tangu utotoni, kusoma kulikuwa ni jambo la watu wawili. Kitabu kilichosomwa kisisimuliwe alikiona kama mgeni aliyeingia usiku akatoka alfajiri, asijue mtu jina lake.

Kwa sharti hilo kibanda kimesikia mengi. Mama mmoja auzaye vitumbua asubuhi, ambaye herufi hazijui, ndiye aliyewahi kuitolea Rosa Mistika hukumu iliyodumu. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa isisomwe skulini kwa kuwa ilisema wazi yale ambayo wakubwa huyanong'ona. Kijana mmoja aliyeiazima aliisimulia kwa siku tatu, na mama wa vitumbua akachelewa kwenda kuuza siku zote tatu. Alipofikia pale ambapo Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na baadaye pale binti huyo anapopotea akiwa mbali na kwao, mama alitua beseni lake na kusema, "Baba aliyefunga madirisha yote ndiye aliyemfundisha mtoto kutamani mlango." Fundi aliyaandika maneno hayo daftarini, katika safu ya rehani, ingawa mama huyo hakuwa ameazima kitu.

Siku nyingine alikuja mzee aliyemaliza utumishi wake bandarini Kurasini. Aliazima Kuli ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Riwaya hiyo inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mzee alikirejesha baada ya wiki mbili, akaketi, akasimulia saa nzima. Lakini alichosimulia kilikuwa habari za baba yake, aliyekuwa kuli Dar es Salaam mwaka 1947, ulipozuka mgomo wa bandarini ukaenea hata kwa wafanyakazi wa kazi nyingine: jinsi nyumbani walivyokula muhogo mkavu, na jinsi baba alivyokaa barazani amevaa nguo zake za kazi kila siku, asiende kazini.

"Mzee wangu," fundi akamwambia, "mbona haya hayamo kitabuni?"

"Hayamo, fundi. Ndiyo maana nimeyaleta."

Rehani ile ilikubaliwa.

Sharti zuri, hata hivyo, halikumwepusha fundi na hasara. Kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakukiweka sandukuni, bali nyumbani, juu ya kabati. Kilikuwa ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Sheikh Amri Abedi, toleo la mwaka 1954. Wapenzi wa ushairi hawahitaji kuelezwa uzito wa kitabu hicho. Mwandishi wake, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha waziri kabla ya kufariki mwaka 1964, aliweka katika maandishi kanuni za vina na mizani ambazo malenga walikuwa wakizijua kwa sikio na kwa kusahihishana. Lakini kwa fundi thamani ya nakala ile ilikuwa zaidi ya uchapaji wake. Ilikuwa ya mjomba wake, mtunzi wa Mafia ambaye mashairi yake machache yaliwahi kutoka magazetini, na ambaye pembezoni mwa kurasa alikuwa amejaribu kila kanuni kwa beti zake mwenyewe, kwa kalamu ya wino. Beti zile hazikuwa zimenakiliwa popote pengine.

Rafiki mkubwa wa fundi katika mambo ya vitabu alikuwa mwalimu mstaafu wa Mwananyamala, upande wa Kinondoni. Kila Jumapili mmoja alimfuata mwenziwe kwa daladala mbili, akibadilisha Kariakoo, na mfuko wa vitabu magotini. Walipendana, na walibishana bila kuchoka. Mwalimu alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, katika miaka ya 1970, na Kezilahabi alikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Aliitetea Kichomi, diwani ya Kezilahabi ya mwaka 1974, kama mtu anavyotetea jamaa yake. Diwani hiyo ilikuja bila vina wala mizani, ikaamsha mjadala ambao wazee wa leo bado wanaukumbuka: upande mmoja ukisema kwamba kilichovuliwa vina si shairi, upande wa pili ukisema kwamba shairi ni zaidi ya vazi lake. Fundi alikuwa wa upande wa kwanza. "Mwalimu," alikuwa akisema, "mimi nikikuletea suruali isiyo na mapindo, utaniambia nimekuletea uhuru?"

Siku moja ya mwaka 2006 mwalimu aliomba aazimwe kitabu cha Sheikh Amri. Alitaka kumwonyesha fundi kwamba hata mwenye sheria hakuwa mtumwa wa sheria. Fundi alisita, kisha akatoa. Rehani aliyoiweka mwalimu ilikuwa ni Kichomi, nakala yake ya ujanani, yenye jina lake na tarehe aliyoinunua.

Kitabu cha Sheikh Amri hakikurudi. Mwalimu alikuwa amempa mwanafunzi wake wa zamani akisome kwa siku mbili. Kijana akahama Mbagala, na chumba alichokuwa amepanga kikakutwa kitupu. Mwalimu alikwenda Tandika, akasema lililotokea bila kulipamba. Fundi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Na beti za mjomba, ulikuwa umezinakili?" Mwalimu akainama. Tangu Jumapili ile mfuko wa vitabu haukuvuka Kariakoo tena.

Hapa ndipo neno rehani lilipomgeukia mwenye kulitumia. Kisheria, hesabu ilikuwa sawa: kitabu kimepotea, rehani imebaki. Fundi aliitia Kichomi chini kabisa ya sanduku, hakuisoma, hakuiazimisha. Miaka kumi na mitatu ikapita hivyo. Wateja waliendelea kuulizwa wanasoma nini, wakajibu, na kila alipokuwa akiwasikiliza, yeye mwenyewe alikuwa na kitabu kimoja asichotaka kuulizwa.

Mwezi Januari 2020 redio ya jirani ilitangaza kifo cha Profesa Euphrase Kezilahabi. Katika wasifu wake walisema kwamba alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Fundi, aliyekuwa akipindisha kanzu, alisimamisha mguu juu ya kanyagio. Ukerewe ilikuwa miongoni mwa zile wilaya sita, pamoja na Mafia. Alifahamu kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu aliyemkataa kwa muda wote ule naye alikuwa mtoto wa kisiwa, ambako mama wengine, jioni zile zile, walikuwa wakirudia sentensi zile zile. Jumapili iliyofuata aliichukua Kichomi, akaenda Mwananyamala kutoa pole. Kwa desturi pole hupelekwa kwa wafiwa. Na kwa kadiri alivyojua, mfiwa wa Kezilahabi katika mji huu alikuwa ni mwalimu.

Alimkuta barazani, ameegemea ukuta, na alipomsalimu mwalimu aligeuza sikio badala ya uso. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake.

"Ni fundi wa Tandika," fundi alisema. "Nimekuja kukupa pole ya mwalimu wako. Na nimekurudishia kitabu chako."

Mwalimu alikipokea, akakipapasa mgongo, akakinusa. Kisha akakirudisha mikononi mwa mwenziwe. "Ahsante, ndugu yangu. Lakini mimi na hiki sasa tumeachana. Nisomee."

Ingetosha kwa fundi kusema kwamba miwani ameisahau. Alifungua. Ukurasa wa kwanza alijaribu kuukariri kwa ile sauti ambayo mjomba wake alikuwa akiitumia, ya kupanda katikati ya mstari na kushuka mwishoni, na sauti ikamwangusha, kwa kuwa kina alichokitegemea hakikuwapo. Alianza tena. Mara hii alisoma polepole, akinyamaza pale tu mstari ulipokoma, akiendelea pale ulipoanza. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kidogo katika kila kituo. Walifika mwisho. Palikuwa kimya, isipokuwa watoto waliokuwa wakicheza mpira mtaani.

"Hili si shairi, Mwalimu," fundi alisema.

"Najua usemavyo."

"Nisome jingine?"

Wakasoma mpaka adhana ya magharibi. Habari ya kitabu kilichopotea iliingia katikati, bila kuitwa. Mwalimu alisema kwamba kwa miaka yote ile, kabla macho hayajafunga, kila alipofika mjini alipita kwa wauza vitabu wa njiani, akapekua rundo kwa rundo, akitafuta ile nakala yenye wino pembezoni. Hakuiona. Fundi alisema kwamba beti mbili za mjomba alikuwa amezikumbuka, nyingine zimekwenda. Akazisoma kwa kichwa zile mbili. Mwalimu akazirudia neno kwa neno, akaomba azisikie tena, akazihifadhi. Hizo ndizo zilizobaki hadi leo, na sasa zinakaa katika vichwa viwili.

Jumapili zikarudi. Tofauti ni kwamba safari ilikuwa ya upande mmoja: fundi ndiye aliyekwenda, na fundi ndiye aliyesoma. Mjukuu wa mwalimu, binti wa sekondari, alikuwa akiwapokea kurasa fundi anapochoka. Ndiye aliyeleta Peponi.

Habari yake inajulikana. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwezi Oktoba 2021, na wengi wa wasomaji wa Kiswahili walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa kuwa vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata, Paradise, riwaya yake ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kwa wazee wawili wa barazani kilikuwa kitabu cha ajabu: watu wake, vyakula vyake, misafara yake na hofu zake vyote ni vya pwani hii na bara yake, na bado kilikuwa kimezunguka dunia kwa miaka karibu thelathini kabla ya kubisha hodi Mwananyamala. "Amerudi na lafudhi yake," mwalimu alisema baada ya sura ya kwanza, na hiyo ikawa ndiyo tahakiki yake ya tafsiri.

Kitabu hicho kinaanza na mtoto. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami. Dukani anakutana na Khalil, na Khalil ndiye anayemfumbua macho: Aziz si ami yake, baba yake ana deni, na yeye Yusuf ndiye malipo. Khalil mwenyewe yumo humo kwa deni la baba yake. Binti aliyasoma hayo kwa sauti yake changa, ya kawaida, kama asomaye habari za watu wengine. Fundi alimwomba asimame kidogo. Akavua miwani, akaifuta, akakaa nayo mkononi. Mwalimu hakuona, lakini alisikia kwamba mwenziwe amenyamaza zaidi ya kawaida.

"Unafikiri nini, ndugu yangu?"

"Nafikiri daftari langu," fundi alijibu.

Alieleza baadaye. Siku zote neno lile alilitumia kwa mzaha, kama watu wanavyotumia maneno ya mahakama katika mambo madogo. Hakuwahi kulitazama usoni. Rehani ni kitu kinachoshikwa kwa kuwa mwenye kitu haaminiwi. Katika pwani hii na bara yake kulikuwa na zama ambapo kitu hicho kiliweza kuwa mtoto. Yeye alishika kitabu cha rafiki yake kwa miaka kumi na mitatu, na wakati huo wote hakikumfaa lolote. Hakikumrudishia beti za mjomba, na kilimnyima Jumapili zisizohesabika ambapo mwalimu alikuwa bado anaona.

Usiku ule alifungua daftari katika ukurasa mpya. Palipokuwa pakiandikwa REHANI aliandika AMANA. Tangu hapo aazimaye kitabu Tandika haachi kitu. Anasimulia akitaka, na akirudi.

Isisemwe kwamba mambo yamekuwa mepesi. Katika mwaka wa kwanza wa amana vitabu vinne havikurejea, kimoja kikiwa ni Vuta N'kuvute, ambacho fundi alikinunua mara mbili kabla ya hapo. Mkewe alimwambia kwamba neno zuri halishoni mfuko uliotoboka, naye hakuwa na jibu. Sanduku limepungua, na kaniki inalifunika kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Lakini kwa wakati uo huo visa vimeongezeka, maana watu waliokuwa wakiogopa sharti sasa wanakuja, na wengine hurudi na habari za vitabu ambavyo havikutoka humo.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alileta suruali ipunguzwe kiuno. Alipoulizwa siku hizi anasoma nini, alisema hasomi, ila kuna abiria aliyesahau kitabu kwenye kiti wiki tatu zilizopita, naye amekuwa akikisoma akisubiri wateja kituoni, kidogo kidogo, ili kisiishe kabla mwenyewe hajatokea kukidai. Fundi aliweka chini chaki. Alimvutia kijana kigoda, akamwita mama wa vitumbua aje asogee.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kinaanzaje?"